Kibali cha maji kabla ya madini: Somo kwa Kisii na Nyamira

MTO Gucha huanzia katika nyanda za juu za Kiabonyoru, Kaunti ya Nyamira. Hupita kando ya mashamba ya chai na migomba ya Kisii, huingia Migori ambako wengi huuita Kuja, na hatimaye humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria.

Njiani, maji hayo hunyweshwa mifugo, hufulia nguo, hustawisha mboga na, baada ya kusafishwa, huingia katika mifereji ya nyumba za mjini. Anayeishi juu hawezi kuuchafua mto huo bila aliye chini kuonja uchafu wake.

Ndiyo maana swali linaloonekana kuwa la makarani tu lina uzito mkubwa katika eneo hilo: je, mtu anayetafuta madini, ambaye bado hajafungua mgodi, anapaswa kuwa na kibali cha kumwaga maji?

Wengi hudhani jibu ni la. Mtafutaji, wanasema, hana kiwanda wala mtaro wa majitaka. Anachimba mashimo machache, anachukua vipande vya mwamba, anavipeleka maabara na kuondoka. Mambo ya vibali yasubiri hadi madini yatakapopatikana.

Dhana hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kisheria, kwa kuwa sheria za Kenya hazisemi hivyo. Ya pili ndiyo nzito zaidi: hali ya mto kabla ya madini haiwezi kupimwa mara tu kazi inapoanza. Kibali kinachotolewa mapema ndicho hulazimisha kipimo hicho kuchukuliwa, na bila kipimo hicho hakuna mwananchi atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba aliharibiwa maji yake.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka katika miaka ya karibuni. Serikali ilisitisha utoaji wa leseni mpya za madini mwaka 2019, na usitishaji huo ukaondolewa mwaka 2023. Tangu hapo, mlango wa kutafuta madini umekuwa wazi tena, na kila kaunti yenye miamba ya kutamanika ina sababu ya kujua kanuni za mchezo.

Sheria inasema nini?

Sheria tatu zinakutana katika shimo moja la utafutaji.

Ya kwanza ni Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Kifungu chake cha 36 kinataka kibali kwa yeyote anayetumia maji ya mto, chemchemi au ya chini ya ardhi, na pia kwa yeyote anayemwaga kichafuzi katika maji hayo. Kibali hicho hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kifungu hicho hakiulizi mtu anafanya biashara gani. Kinaangalia kitendo. Awe na mgodi, kiwanda cha chai, kichinjio au mtambo mmoja wa kutoboa mwamba, anayeteka na kumwaga anaguswa na sheria ileile.

Ya pili ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Kifungu cha 75 kinamkataza mwenye shughuli ya biashara au ya viwanda kumwaga majitaka katika mazingira bila leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Hapa ndipo mtafutaji hupata kichaka cha kujifichia. Husema kwamba yeye bado hana biashara wala kiwanda, kwa sababu hajauza hata gramu moja ya madini. Hoja hiyo huweza kuzua mjadala chini ya sheria ya mazingira, lakini haina nguvu mbele ya Sheria ya Maji.

Ya tatu ni Sheria ya Madini ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1940. Sheria hii inagawa safari ya madini katika hatua. Kuna leseni ya upelelezi wa awali, ambayo hairuhusu kutoboa wala kufukua ardhi. Kuna leseni ya utafutaji, ambayo inaruhusu. Kisha kuna leseni ya uchimbaji wenyewe.

Kifungu cha 176 kinasema leseni ya uchimbaji haitatolewa hadi mwombaji awe na leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kizuizi hicho kimewekwa kwenye lango la tatu. Lakini mashimo ya kwanza hutobolewa baada ya lango la pili.

Haina maana kwamba mtafutaji ameachwa huru. Leseni ya madini haimwondolei mtu wajibu wa kutii sheria za mazingira na za maji. Isitoshe, kifungu cha 181 kinamtaka hata anayeomba leseni ya utafutaji kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha mazingira atakayoyaharibu.

Lakini dhamana hiyo itadaiwa vipi? Anayedai lazima aonyeshe kilichoharibika, na ili aonyeshe kilichoharibika lazima ajulikane kwanza kilikuwaje. Hapo ndipo kibali cha maji kinapoacha kuwa karatasi na kuwa ushahidi.

Shimo dogo, maji mengi

Anayeona kwamba utafutaji hauna majitaka hajasimama karibu na mtambo wa kutoboa mwamba. Mtambo wenye ncha ya almasi hauwezi kufanya kazi bila maji. Maji hupoza ncha hiyo na kupandisha juu unga wa mwamba uliosagwa. Mtambo mmoja unaweza kutumia maelfu ya lita kwa siku.

Maji hayo hurudi juu yakiwa tope. Ndani yake mna unga wa mwamba, udongo maalumu au kemikali za kuzuia shimo lisiporomoke, na mara nyingine mafuta ya mitambo. Yakiachwa yatiririke kwenye mteremko, na Gusii yote ni miteremko, mvua ya kwanza huyafikisha kijitoni.

Aidha, shimo refu lisilozibwa vizuri huweza kuunganisha tabaka la maji safi na tabaka la maji yenye chumvi au metali. Chemchemi inayotegemewa na kijiji huweza kubadilika ladha, au hata kukauka, bila mtu yeyote kuona mtaro wa majitaka.

Tatizo la tatu linatokana na aina ya mwamba. Dhahabu na shaba mara nyingi hukaa pamoja na madini yenye salfa. Mwamba wa aina hiyo ukiwa chini hauna madhara. Ukifukuliwa na kukutana na hewa na maji, hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali nyingine kama vile aseniki na risasi na kuziingiza katika maji. Mfereji wa uchunguzi ulioachwa wazi unatosha kuanzisha jambo hilo.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, ziliweka viwango kwa maji yanayomwagwa katika mazingira. Chembe ngumu zinazoelea zisizidi miligramu 30 katika lita moja, na kipimo cha uchachu wa maji kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya mtambo wa kutoboa, yakitoka moja kwa moja shimoni bila kutuama, huvuka mbali kiwango hicho cha chembe.

Tabaka na wachimbaji wa mikono

Katika Kisii, neno uchimbaji huwaleta watu mawazo ya Tabaka, ambako mawe ya sabuni huchimbwa na kuchongwa kuwa vinyago, sahani na mapambo yanayouzwa hadi ng'ambo. Kazi hiyo hufanywa zaidi kwa mikono, na imelisha familia nyingi kwa vizazi kadhaa.

Mawe ya sabuni si dhahabu. Hayahitaji zebaki wala sianidi. Madhara yake kwa maji ni ya unga na tope linaloteremka mvua inaponyesha, pamoja na mashimo yaliyoachwa ambayo hujaa maji na kuwa hatari kwa watoto na mifugo.

Hata hivyo, Tabaka inafichua udhaifu wa mfumo wa vibali. Mfumo huo uliandikwa ukimfikiria mwenye kiwanda: mtu mwenye anwani, mhandisi, bomba moja la majitaka na fedha za kulipia maabara. Mchimbaji wa timbo la mawe anayetoa maji ya mvua kwa ndoo au kwa pampu ya kukodi hafanani na mtu huyo.

Kumdai mchimbaji huyo makaratasi yaleyale anayodaiwa mwenye kampuni ni kumsukuma nje ya sheria. Kumwachilia kabisa nako ni kumfungulia njia mwekezaji mkubwa ajifiche nyuma ya wachimbaji wadogo, akitafuta madini kwa jina lao.

Sheria ya Madini imeacha nafasi ya kutibu jambo hili. Inawatambua wachimbaji wadogo wadogo na kuunda kamati ya kuwashughulikia katika kila kaunti. Sheria ya Maji nayo inatambua vyama vya watumiaji wa maji. Vyombo hivyo viwili vikiketi pamoja, kibali kimoja cha kikundi kwa machimbo yote yanayoelekeza maji katika kijito kimoja kinaweza kuwa nafuu zaidi na chenye maana zaidi kuliko vibali mia vinavyokaa kwenye faili.

Mzigo wa Macalder

Ushahidi wa kinachotokea pasipokuwa na kipimo cha mwanzo hauko mbali. Uko chini ya mto huohuo.

Katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, mgodi wa Macalder ulichimba shaba na dhahabu wakati wa ukoloni na katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Kituo kidogo cha umeme katika maporomoko ya Gogo, mtoni Kuja, kilijengwa kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Mabaki yake yakabaki, na wachimbaji wadogo wakaendelea kuyapekua na kufukua miamba ya jirani wakitumia zebaki kunasia dhahabu.

Utafiti wa Ogola, Mitullah na Omulo uliochapishwa mwaka 2002 ulipata zebaki, risasi na aseniki katika mabaki na mashapo ya ukanda wa dhahabu wa Migori. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma kupima mashapo hayo yalikuwaje kabla ya shoka la kwanza kugonga mwamba.

Kwa hiyo mjadala haukomi. Kiasi gani kililetwa na mgodi wa zamani? Kiasi gani ni cha wachimbaji wa leo? Kiasi gani kilikuwemo katika miamba tangu asili? Kila mhusika ana mwingine wa kumnyoshea kidole, na mwananchi anayechota maji hana wa kumdai.

Kenya imeilipia gharama ya aina hiyo kwingineko. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 na kuwaathiri wakazi kwa sumu ya risasi. Mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, uamuzi ukatenguliwa kwa sehemu katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. NEMA ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama.

Wakazi hao walishinda, lakini ushahidi wao mkuu ulikuwa damu yao wenyewe. Hiyo si njia ambayo mtu wa Nyamira au Kisii angepaswa kuingojea.

Kusini mwa mpaka, wakazi wa Tarime nchini Tanzania walipita katika mvutano kama huo. Mwaka 2009 maji kutoka mgodi wa North Mara yaliingia katika Mto Tigithe, unaomwaga maji katika Mto Mara. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, baraza la mazingira la nchi hiyo, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya Sh5.6 bilioni za Tanzania kwa uvujaji wa bwawa la mabaki. Muda wote huo, hoja iliyorudi mara kwa mara ilikuwa ileile: maji haya yalikuwa hivi tangu lini?

Hoja za wanaopinga

Wenye mitaji wana malalamiko ambayo hayapaswi kupuuzwa. Wanasema kwamba kuomba kibali kwa WRA na leseni kwa NEMA kwa maji yaleyale ni kulipia mara mbili. Wanasema pia kwamba utafutaji una hasara nyingi, kwani mashimo mengi hayaleti chochote, na kila mwezi wa kungoja ni fedha zinazopotea.

Hoja ya kwanza ina ukweli. Ofisi mbili zinapogawana kazi moja, kila moja huweza kudhani nyingine imeshakagua. Tiba yake ni fomu moja, ukaguzi mmoja na kipimo kimoja kinachotambuliwa na pande zote mbili. Kufuta kibali hakuponyi chochote.

Hoja ya pili ina jibu la kiufundi. Mtafutaji anaweza kuchimba vidimbwi vilivyotandikwa nailoni, akayaacha maji yatuame na kuyarudisha katika mtambo. Asipomwaga chochote, hana haja ya kibali cha kumwaga, bali cha kuteka peke yake. Sharti hilo basi halizuii utafutaji. Linamwelekeza mtafutaji katika njia inayotumia maji machache, na katika eneo lenye watu wengi hilo ni jambo la busara.

Na watu ni wengi kweli. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Hapa hakuna nyika tupu ya kujaribia. Kila shimo litakuwa karibu na shamba la mtu, na kila kijito kina wenyewe.

Kinachohitajika

Marekebisho yanayotakiwa si makubwa. Wizara inayohusika na madini inaweza kuweka sharti kwamba mwenye leseni ya utafutaji hatatoboa shimo la kwanza kabla ya kuonyesha kibali cha kuteka maji na ama kibali cha kuyamwaga au mpango wa kuyazungusha bila kuyamwaga. Sharti hilo lingeziba pengo lililo kati ya lango la pili na la tatu.

La pili ni kipimo cha mwanzo. Kabla ya kazi, maji yapimwe juu na chini ya eneo la utafutaji, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kwa kuwa mto wenye tope la Aprili si mto wa Januari. Matokeo yasifungiwe kabatini. Yapelekwe kwa chama cha watumiaji maji, ofisi ya kaunti na shule iliyo karibu.

La tatu ni kuwahusisha walio chini. Kisheria, rasilimali za maji na madini husimamiwa na serikali ya kitaifa, huku kaunti zikiwa na majukumu ya huduma za maji na uhifadhi wa udongo. Shimo likitobolewa Nyamira, atakayeathirika anaweza kuwa Migori, asiye na diwani katika bunge la kaunti ya Nyamira. Ombi la kibali lililotangazwa katika bonde zima la mto ndilo linalompa mtu huyo sauti.

Mwananchi wa kawaida naye hana mikono mitupu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa haki ya kuomba nakala za vibali kutoka ofisi za umma.

Mtambo unapofika kijijini, maswali ya kuuliza ni matatu. Maji yatatoka wapi? Yatakwenda wapi? Na yalipimwa lini kabla hayajaguswa?

Maswali mawili ya kwanza yanaweza kuulizwa wakati wowote. La tatu lina siku yake, nayo hupita pale shimo la kwanza linapotobolewa. Wakazi wa Nyatike walikosa nafasi hiyo zaidi ya nusu karne iliyopita. Walio juu ya mto bado wanayo.